Jina la Chasseur Juu ya Kaburi Lako

Papa,

Jiwe la kaburi lako halijachongwa bado, na anayelichelewesha ni mimi. Fundi wa Jules Street amekwisha kulilaza juu ya meza yake. Kaka yangu, Yaya Pascal, anataka chini ya jina lako liandikwe Chasseur, kwa sababu ndivyo mtaa mzima wa Bellevue ulivyokuita. Jana alinipigia simu amewaka: "Eish, Neema, mzee amekufa, unamchunguza ya nini?"

Nakuchunguza, ndiyo. Ungekuwa hai ningekuuliza wewe mwenyewe, nawe ungecheka, ungeniagiza chai.

Zamani sikulitilia shaka neno hilo. Ulituambia ulikuwa mwindaji kwenu, na chasseur kwa Kifaransa ni mwindaji, basi, yakaisha. Lakini kwenye matanga wakatokea wale wazee wa Malvern ambao hukututajia hata siku moja. Hawakulia, hawakuketi. Walijipanga mstari mbele ya jeneza, visigino pamoja, wakaita "Chasseur!" kwa sauti moja. Mama Furaha wa chumba cha nyuma alikuwa uani akiwasongea wageni bukari, ugali wa kwetu. Akaweka mwiko chini, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Bukari ikaungua. Mama Furaha, Papa! Yeye ambaye haachi matanga ya mtu kabla vyombo havijaoshwa.

Nilimwendea shemasi wetu, yule aliyekuwa mwalimu wa Kifaransa kabla ya kukimbilia huku. Akaniambia neno lilianzia porini kweli. Baadaye majeshi ya Ulaya yakachukua wawindaji na walinzi wa misitu, kwa kuwa walijua kulenga na kunyemelea, yakawafanya askari wa mwendo mwepesi, yakawaachia jina lao pamoja na pembe ya kuwindia kama nembo. Matajiri nao wakawavika watumishi wao mavazi ya kiwindaji, hata mhudumu wa mlangoni hotelini akaja kuitwa hivyo. Wafaransa wana hadi kuku wa mchuzi wa uyoga mwenye jina hilo. Nilipomuuliza kuhusu majeshi ya kwetu, alisema tu kwamba huko nako jina lilifika, akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni. Hata yeye namshuku.

Nikarudi nyumbani kukukumbuka upya, na hiyo ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Ile Noeli ya mbuzi, ulimpa jirani kisu, ukasimama mbali, ukasema mkono umechoka. Mwindaji gani anakwepa kuchuna mbuzi? Lakini kitanda chako ulikitandika hadi shuka likawa kama ubao. Kwenye robot, zile taa za barabarani, hukusimama mbele ya watu. Uliegemea ukuta kwanza, ukayatazama madirisha ya juu. Nilidhani ni mazoea ya ile kazi yako ya ulinzi Randburg, nami nikaringia wenzangu kwamba baba yangu ana macho. Na mikono ile ile ndiyo iliyonifunga kamba za viatu vya shule, mafundo mawili mawili, ili nisijikwae njiani. Papa, niiweke wapi mikono hiyo?

Mwishowe nikabisha hodi kwa Mama Furaha. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. "Mutoto yangu, batu benye walitukimbiza kwetu, ile njo ilikuwa jina yabo." Nilitaka kujua kama alikuona kati ya hao Chasseur waliowafukuza. Hapana, sura yako hakuijua, la sivyo asingekula nasi miaka yote hii. Nikapumua. Kisha akaongeza, bila kuniangalia: "Lakini papa yako hakuniulizaka natoka kijiji gani. Batu bote wanauliza."

Ni kweli. Hakuna Mkongomani uliyempita Rockey Street bila kumsimamisha, umuulize kwao wapi, ukoo gani, mto gani. Ndivyo tunavyosalimiana huku ugenini. Yeye peke yake, aliyelala ukuta kwa ukuta na sisi, hukumuuliza. Ulikuwa unaogopa kusikia jibu?

Leo asubuhi nimemwambia fundi achonge jina ulilopewa na mama yako, basi. Pascal hataki kunisemesha. Huenda nimekuonea, Papa. Naomba iwe nimekuonea.

Nakupenda. Hilo tu silishuku, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi nakwenda Malvern kuwatafuta wazee wako, na safari hii wataketi. Lala sasa. Nakuahidi jambo moja: hata nikirudi na habari mbaya kupita zote, majani hayataota juu ya kaburi lako. Nitakuja kuyang'oa mwenyewe, kwa mikono yangu.

Binti yako,
Neema