Mama Alipokanyaga Klachi

Baba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda salamu ndefu.

Tangu tukuzike, pikapu yako ilikuwa imelala uani chini ya turubai. Jumatano nilipoiwasha niende Magarini kuchukua makuti, pedali ya klachi ilizama mpaka chini ikabaki huko huko, na gia zikakataa kuingia. Siku hiyo hiyo ndugu yako, Ami Athman, akapiga simu kwamba Ijumaa baada ya sala anakuja na mnunuzi. "Gari lisilo na dereva ni chuma chakavu, Zuhura," aliniambia. Makuti tunayopeleka hotelini Bofa ndiyo yanayotulisha, na bila gari sijui tungeanzia wapi.

Kumwita fundi haikuwezekana. Mama bado anakaa eda yako, na ua wetu unaujua ulivyo mdogo. Hataki mwanamume mgeni ashinde humo. Basi nikamwambia tutatoa wenyewe upepo ulioingia kwenye klachi, mimi na yeye. Alicheka, Baba. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke.

Zamani mimi ndiye niliyekaa juu kwenye usukani, na wewe chini ya gari ukipiga kelele: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nilidhani kazi yote ni yangu, kwa jinsi mguu ulivyoniuma. Sasa najua. Oili inadondokea machoni, na kokoto zinachoma mgongo. Mbona hukuwahi kusema?

Nikamweleza Mama: akanyage, ashikilie, mimi nifungue ile nati ndogo upepo utoke pamoja na oili, niifunge, ndipo aachie. Asiachie kabla. Nilichomeka kipande cha mpira wa maji kwenye nati, ncha ya pili nikaitia kwenye chupa. Vipovu vikatoka vingi, vikapungua, oili ikaanza kuja safi. Nikafungua tena, nikidhani ndiyo mara ya mwisho. Hapo adhana ya alasiri ikalia. Mama akaondoa mguu.

Upepo ukafyonzwa wote ndani. Nililala pale pale nikalia, na wala si klachi niliyokuwa nikiililia. Nikampandishia Mama sauti, kwa namna ambayo usingeipenda. Akanijibu polepole: "Mwanangu, adhana yalia nami nimekanyaga chuma? Hata babako alikuwa akingoja." Ni kweli. Ulikuwa ukifunga nati, ukinyamaza huko chini mpaka mwadhini amalize, nami juu nikidhani umejipumzisha.

Tukasali. Tukarudi, nikajaza kikopo cha oili ya klachi, tukaanza upya. Magharibi ilipokaribia Mama akaniita kwa hofu: "Zuhura, imekuwa ngumu! Yakataa kwenda chini!" Alidhani ameiharibu, na hapo ndipo ilipopona. Nilitoka chini ya gari nikamkumbatia na oili yangu yote.

Ijumaa Ami alikuja na mtu wake, wakasimama nje ya lango. Nikawasha. Gia ya kwanza iliingia bila kelele. Niliwapita, nikaenda hadi msikitini, nikageuza nikarudi. Kumbe nimejipalia makaa. Mnunuzi alipoona gari zima ndiyo kwanza akalitaka zaidi, na Ami akaninyooshea mkono nimpe funguo. Nilizifumbata kiganjani. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mzima.

Ndipo Mama aliposema kutoka nyuma ya mlango: "Athman, shemeji yangu, gari lina dereva, umemuona. Mpeleke mgeni wako kwako akanywe chai." Ami aliinamisha kichwa. Wakaondoka.

Jumatatu nakwenda Magarini. Naiogopa ile njia peke yangu, nakwambia kweli, na usingizi wenyewe siku hizi ni wa kubahatisha. Lakini nitakwenda. Gari lako halitauzwa nikiwa hai, na Mama akimaliza eda nitampakia mbele nimpeleke kwa dadake Marereni.

Buriani, Baba. Mola akupe nafasi pana huko uliko. Hapa ulilala pembamba miaka yote, chini ya gari, kwa ajili yetu.

Binti yako,
Zuhura