Mama, Nimekata Mahindi Yako

Mpendwa mama mkwe,

Tangu tukuzike hapa Ndalu sijapata mtu wa kugombana naye vizuri. Wafula, mwanao, ukimwinulia sauti yeye hukimbilia sokoni. Kwa hiyo leo nakuandikia wewe.

Unakumbuka nilivyokuja kuolewa kutoka Kitale mjini, sijui hata kushika jembe? Ulinipeleka hadi shamba lililo nyuma ya jikoni, ukasema, "Hapa sasa ni yako. Mimi nitakuwa naangalia tu." Kuangalia gani, Mama! Ulinifuata mstari kwa mstari.

Msimu ule mvua ya kwanza iliponyesha, nilichukua mbegu na mbolea nikatoka mbio. Ukanisimamisha. Ulichimba shimo, ukatia mkono hadi kwenye kiwiko, ukautoa vidole vikiwa na vumbi. "Hii ni ya kuosha mabati tu, bana. Rudisha mbegu kwa nyumba." Majirani walipanda, mbegu zikakauka, wakapanda tena. Sisi tulipanda mara moja tu. Kuanzia hapo nilikuamini kuliko redio.

Mwaka huu nami nilitia mkono ardhini kila asubuhi, Wafula akinicheka ati natafuta fuko. Udongo ulichelewa sana kulowa. Ulipolowa nikapanda, na mahindi yakatoka mazuri, yakanifika kifuani. Yalipoanza kutoa ndevu, mvua ikakatika. Jua la siku hizi ni kali, hulijui. Majani yalikuwa yakijikunja kabla hata ya saa nne. Nilipomenya hindi la kwanza nikakuta punje chache zimetawanyika kwenye gunzi, nikaketi palepale nikalia kwa sauti.

Niliumia nikidhani nimekuaibisha. Halafu nikakuonea huruma. Mvua uliyoijua tangu usichana wako imebadilika, na wewe hupo wa kuambiwa. Hukunifunza vibaya, Mama. Laiti ungekuwepo tukashangaa pamoja.

Nekesa wa Naitiri, tunayeimba naye kwaya, alinigawia mbegu za mtama, ule unaokomaa upesi na kuvumilia jua. Nikazificha chini ya kitanda kama mwizi, maana nilikusikia waziwazi: "Mtama ni ya pombe ya busaa. Hii boma ni ya mahindi." Wafula akasema, "Si ukate tu hiyo mahindi?" Nikamwambia shamba nilipewa mimi, nitakata mwenyewe. Nikakata, nikampa ng'ombe mabua, nikikuomba radhi kila nilipoinama. Majirani walisimama kwenye ua wakinitazama kama niliyerukwa na akili. Nikapanda mtama. Ndege nao wakanitesa, lakini hao niliweza kuwafukuza.

Jana nilisonga ugali wa kwanza wa mtama huo. Wajukuu wako waliutazama ule weusi wake, wakanitazama mimi. Wafula akamega, akala. Kisha kitindamimba wetu, ambaye hukuwahi kumbeba, akamaliza wake na kusukuma sahani. "Mama, niongeze."

Nilimwongeza, Mama. Na sufuriani ulibaki mwingine.

Pumzika sasa. Huku tunakula.

Mimi,
Mkaza mwanao