Mpaka Biasha Arudi

Nangurukuru,
Kilwa.
Jumapili, baada ya misa.

Kwako shoga yangu mpendwa Biasha,

Nakusalimu kwa salamu ya kwenu na ya kwetu, maana miaka yote tuliyopanga vyumba vya ukuta mmoja hatujawahi kugombania salamu. Hujambo? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa mvua, kimepoa kwa hewa ya Mtwara? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Watoto wanakwenda shule, baba yao Optatus yuko gereji kwake na pikipiki za watu, na mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza humu humu, usiwe na haraka.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo mkononi. Shoga, kwenye simu mimi ni mwongo. Ukinipigia nacheka, nakwambia mambo shwari, nakuuliza umekula nini, kisha ukishakata nabaki nimenuna peke yangu. Ndiyo maana nimeona niandike. Barua nitampa Nurdin, konda wa basi la Mtwara, na nimemwonya kwamba ikipotea asipite tena nyumbani kwangu kuomba uji.

Mama yako nilimwona juzi. Nilimpa shikamoo yako akaitikia kwa furaha, akauliza lini unarudi, nikamwambia mwisho wa mwezi, akauliza tena, nikamwambia tena. Hali yake nzuri, mguu tu ndio unaomsumbua. Chumba chako nakifagia na dirisha nalifungua lipate hewa. Kuku wako wametaga, na mayai mengine tumekula, sitakuficha.

Sasa nianze.

Ile picha uliyotuma kwenye kundi la kiwanda, uliyovaa koti jeupe na kitambulisho kifuani, ilizunguka huku kama mwali anayetolewa nje. Kila mtu aliishika simu ya mwenzake akaitazama. Joyce wa ofisi ya wafanyakazi aliwaonyesha mameneja. Optatus aliivuta kwa vidole ikawa kubwa, akasema angalia Biasha alivyopendeza, huyu sasa ni mtu wa ofisini. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikasema ndiyo, amependeza. Kisha nikaenda uani nikakaa juu ya ndoo, na nilichokuwa nakiwaza siwezi kukiandika chote. Niliwaza kwa nini koti lile lisiwe langu. Tulianza kubangua korosho siku moja. Mafuta ya ganda yalituchubua vidole siku moja, tukapakana dawa wenyewe kwa wenyewe. Lilipoletwa lile kontena likageuzwa darasa, na vitabu vyake na vishikwambi vyake, tuliingia mlango mmoja mimi na wewe, na maswali ya mwalimu Bashiru tukijibu kwa kupokezana. Halafu likaja jina la kwenda kusomea ufundishaji wa watu wazima kazini, likawa lako.

Hata kwetu Mitole haikunisaidia kitu. Nilikwenda kumwona mama, na kabla sijatua mzigo akaniuliza, yule rafiki yako Mwislamu aliyepelekwa kusoma, hajambo? Nikamwambia mama, mimi ndiye mwanao. Akacheka, akadhani natania.

Basi ulipoondoka, mwalimu Bashiru naye akapangiwa vituo vingine, akawa anakuja Alhamisi moja tu kwa mwezi. Joyce akaniita, akasema, "Getrude, shikilia darasa mpaka Biasha arudi." Maneno hayo nimeyasikia mpaka masikio yamechoka. Nikiomba chaki, nitumie hizo mpaka Biasha arudi. Nikisema televisheni imeharibika, tuvumilie mpaka Biasha arudi. Nikawa kama mtu aliyepewa kiti akipashe moto kwa ajili ya makalio ya mwingine. Nisamehe kwa lugha hiyo, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Mwanzoni nilifundisha kwa kulipua. Nilifungua kitabu, nikasoma, nikafunga. Wanawake walisinzia, na mimi sikuwalaumu, kwani wametoka kusimama mashineni tangu asubuhi, na vitabu vyenyewe vina picha za watu wenye kofia ngumu wanaoendesha mitambo ambayo kwetu haipo. Siku moja Flora, yule binti wa Mchinga aliyeolewa huku, aliniambia mbele ya wote kwamba Dada Biasha alipokuwa anawaelekeza wenzake, alikuwa anaeleza mtu anaelewa. Hakuwa na ubaya. Lakini mimi nilipandwa na hasira, nikawaambia basi nendeni Mtwara mkamfuate. Nikafunga kontena.

Kesho yake nilikwenda na nia mbaya kabisa. Nilisema moyoni, leo nitafundisha mpaka wamsahau. Nikaomba mashine moja ya kubangulia iingizwe darasani. Tukaifungua. Kila kipande tulichokitoa nilikiandikia jina kwa chaki sakafuni, nao wakasoma, wakafuta, wakaandika wenyewe. Wiki iliyofuata tukaenda kwenye boila tukasoma mshale unaoonyesha nguvu ya mvuke palepale, si kwenye picha. Tukasoma mabango ya ukutani, tukasoma maandishi ya magunia. Waliosinzia wakaanza kuwahi. Wanaume wa stoo, waliokuwa wanalicheka lile kontena na kuliita chekechea, wakaja wawili, wakakaa nyuma, halafu wakasogea mbele.

Na Biasha, hapo ndipo mambo yaliponiharibikia. Kwa sababu niliipenda ile kazi. Nilipokuonea wivu wa koti na wa safari, ule ulikuwa wivu mdogo, ungepita wenyewe. Lakini sasa nilikuwa na kitu mikononi, na kila siku iliyopita ilikuwa inakuleta wewe kuja kukichukua. Nikawa nahesabu siku zako za kurudi kama mgonjwa anayengojea kupasuliwa.

Ngoja nikupe habari ya Flora, maana ndiyo iliyonivunja. Unakumbuka hakujua hata kuandika jina, alikuwa anatia dole gumba. Siku hiyo tulikuwa sehemu ya kumenyea, nikawaambia kila mmoja achague bango asome. Flora akasimama chini ya lile bango la bluu lililo juu ya meza yake. Akaanza kuvuta herufi moja moja, jasho linamtoka, wenzake wamemzunguka. "U-si-le... cha-ku-la... se-he-mu... ya ka-zi." Akalisoma tena kwa haraka. Kisha akapiga ukelele, "Jamani! Kumbe ndilo linalosema? Mimi nakula mihogo chini yake tangu niajiriwe!" Tulicheka mpaka tukashikana. Joyce alitoka ofisini akidhani kuna aliyeumia. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nikasema hata kama sitapata kingine duniani, hiki nimekipata.

Halafu Flora akanishika mkono, macho yanang'aa, akaniambia, "Dada Getrude, siku Dada Biasha akirudi, nitamsomea hili bango. Atafurahi huyo!"

Shoga yangu, kicheko changu kilikatika kama umeme.

Jumapili ya pili yake tulikuwa nyumbani, Optatus kaketi kibarazani anaziba tairi la pikipiki ya jirani. Mimi nikayamwaga yote. Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia watu nimewafundisha mimi na shukrani zinakwenda kwako, na kwamba uchungu wangu mkubwa ni kuwa siku ya kuchagua walituangalia sote wawili wakaona wewe unafaa, mimi sifai. Nilisema nataka tu kujua kasoro yangu ilikuwa ipi.

Akaendelea kusugua tairi kwa msasa. Hakuinua uso. Akasema, "Hukuwa na kasoro. Wewe ndiye uliyechaguliwa."

Nilidhani ananifariji. Nikamwambia aache utani. Akaweka tairi chini, na alipoanza kusema akasema lote. Kwamba wakati ule nilipokwenda Mitole kumuuguza baba, Joyce alikuja nyumbani kwa miguu yake kuniletea habari kuwa jina langu limepita. Simu yangu ilikuwa haipatikani, si unajua kule kwetu mpaka upande kilimani. Na jina lilitakiwa Mtwara wiki ileile. Optatus akamwambia Joyce kwamba tumeshaongea, na kwamba mimi mwenyewe nimekataa kwa ajili ya watoto.

Nilimuuliza kwa nini. Akajifuta gundi vidoleni. Akasema, "Niliogopa. Ungerudi una cheti na koti, unikute mimi bado naziba matairi. Ungeanza kuniona mdogo." Akasema kila alipokusifia wewe mbele yangu alikuwa kama anajipiga mwenyewe, maana alikuwa anaona nguo aliyonivua mimi umevaa wewe.

Kumbe nyumba nzima tulikuwa tunaumwa ugonjwa mmoja, kila mtu amejifunika shuka lake.

Jumatatu nilikwenda kwa Joyce kabla kengele haijalia. Alipigwa na butwaa. Alinithibitishia kila neno, kisha akaniambia na lingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Alisema walipokuita kukupa nafasi, jambo la kwanza uliuliza, na Getrude je? Akakujibu Getrude amekataa. Ukauliza mara ya pili kama ana hakika. Nikakumbuka siku ile tulipokusindikiza stendi, ulinishika bega ukaniambia ingekuwa vizuri zaidi kama ningekwenda mimi. Niliyachukua kama kejeli, Biasha. Nilikuitikia kwa mdomo na moyoni nikakutukana. Tangu siku hiyo nimekuchukia nusu na kukupenda nusu, na wewe ukawa unanipigia simu na kuniuliza hali, bila shaka unajiuliza mwenzio amekuwaje baridi namna hii kwa jambo alilolikataa mwenyewe. Sasa ujue sikulikataa. Sikuulizwa.

Optatus bado yuko nyumbani. Nampikia, namfulia, namwambia chumvi iko wapi, zaidi ya hapo sina maneno naye kwa sasa. Siku moja alikwenda mwenyewe kiwandani, akasimama mbele ya Joyce nami nikiwepo, akakiri kwamba alisema uongo. Nilimwonea huruma lakini sijamwambia. Atangoja kidogo.

Nilidhani nikijua ukweli wivu utaniisha. Haujaisha. Umebadilika tu. Zamani nilikuonea wivu kama mtu aliyeshindwa, sasa nakuonea kama mtu aliyeibiwa, tena na mwizi ambaye si wewe, na hivyo sina hata pa kuupeleka. Cheti unacho wewe. Miezi sita ya kusoma umeipata wewe. Mambo unayoyajua sasa juu ya kumfundisha mtu mzima bila kumwaibisha, mimi nimeyaokota kwa kugongagonga. Nikiwaza hayo roho inaniuma bado, hata sasa ninapoandika.

Na sasa nifike kwenye lile nililokuwa naliogopa tangu salamu. Wiki iliyopita tangazo lilibandikwa ubaoni. Kiwanda kinataka mwalimu wa kudumu wa darasa, mmoja tu, wa mshahara. Kila mtu aliyesoma lile tangazo alisema hilo ni la Biasha, hata Flora, na alilisoma mwenyewe bila kusaidiwa. Wengine wamekuwekea kiti tayari.

Biasha, nimeomba hiyo kazi. Barua yangu ya maombi iko mezani kwa Joyce tangu Ijumaa. Sikumshauri mtu, na safari hii hakuna mtu atakayejibu kwa niaba yangu. Usaili utakuwa ukisharudi, mbele ya mameneja na mtu wa kutoka Lindi, nami nitakaa kwenye kiti nikiwaeleza niliyoyafanya katika lile kontena, na ikiwa wataniuliza kama nastahili kuliko wewe, nitasema ndiyo. Nimeona uisikie habari hii kutoka kwangu, isiwe kwa mwingine pale stendi, wakati mabegi yako hayajashushwa.

Najua una mama wa kutunza. Najua umesoma. Najua pia wewe, kwa jinsi moyo wako ulivyo, ukishaisoma habari ya Optatus utataka kunirudishia. Utasema Getrude aliibiwa, nimwachie. Nakuomba kwa urafiki wetu usifanye hivyo. Nimeshaamuliwa mambo mara moja nikiwa sipo, sitaki kuamuliwa tena, hata kwa wema. Njoo, omba, jiandae, vaa koti lako. Ukikaa mbele ya wale wakubwa usinihurumie, maana mimi sitakuhurumia. Ukinishinda nitakasirika, nitalia, halafu nitaingia darasani kwako kama mwanafunzi na kukuuliza maswali magumu. Nikikushinda, nawe nionee wivu vizuri, usinifiche.

Mwalimu Bashiru anakusalimu, Joyce anakusalimu, na watoto wangu wanauliza kama utawaletea zawadi za Mtwara. Optatus naye ameomba nikuandikie salamu zake, nimeziandika hapa na zimeishia hapa. Nisalimie wenyeji wako wote wanaokutunza huko. Mungu akulinde njiani. Ukifika, funguo za chumba chako ziko kwangu, na chakula cha siku hiyo utakula kwangu, tugombane tukiwa tumeshiba.

Wako akupendaye na kukuonea wivu,

Getrude Sebastiani