Mbao Zisizoguswa na Mchwa

Kichiwa, Njombe
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Yusto,

"Nyuki wa kwetu wamezoea magogo, kwenye masanduku hawakai." Hayo ulimwambia Mama kwenye simu, ukaongeza kwamba wangu wameukimbia mdomo wangu. Nitakujibu, tena kwa barua, maana simu unanikatia. Ila kwanza salamu: kamwene. Irine hajambo? Mwanenu Kornelio amepona ule mguu? Sisi tunaendelea, isipokuwa Mama, ambaye baridi ya mwaka huu imemkaa kifuani.

Sasa nyuki. Hawakukimbia, Yusto. Nimewafagia chini ya mizinga kwa ufagio wa jikoni, wengine bado wanatetemesha mabawa. Mizinga yote niliyoitengeneza kwa mbao zako iko kimya.

Mmoja tu unavuma: ule niliouunda kwa mlango wa jiko letu la zamani, mbao nyeusi kwa moshi. Nao ni sanduku. Vipimo vilevile, umetundikwa mti uleule, maua yaleyale. Haya, niambie sanduku lina kosa gani.

Kosa liko kwenye mbao ulizoniletea kutoka kiwandani kwenu Makambako. Ulizisifia mwenyewe: "Dada, hizi zimezamishwa kwenye dawa, mchwa hawazigusi." Najua ulinichagulia zilizo bora, ndiyo maana nililia kabla sijakasirika. Huku kwetu mbao iliyozamishwa tunaiona baraka. Tumeezekea nyumba, tumejengea mabanda, sasa tumemjengea nyuki. Dawa inayomuua mchwa itamhurumia nyuki kwa lipi?

Masega nimeyazika nyuma ya choo. Mama aliyataka kwa ajili ya kifua chake, nikamkatalia. Tangu siku hiyo hasemi nami.

Hayo ningeyameza. Lakini nasikia Jumamosi ijayo unampelekea shangazi Dorosela na kikundi chake cha Mjimwema mbao zilezile, watengeneze mizinga. Asali yao wataiuza, na watoto watailamba.

Nisalimie wifi yangu Irine na Kornelio. Mungu ailinde nyumba yenu na kila kinachoingia vinywani mwenu.

Yusto, mzigo huo usiondoke Makambako. Nenda Mjimwema wewe mwenyewe, kabla msumari wa kwanza haujapigwa, umwambie shangazi kwa kinywa chako nyuki wangu waliuawa na nini. Nawe Irine, najua barua hii utaisoma: Ijumaa ikifika mumeo bado amekaa, nenda Mjimwema wewe.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Feliciana