Jina la Dada Douceur

Alhamisi, 6 Novemba
Bila mimi, hakuna mutoto wa Kikongo anapata jina mu Bruxelles hii. Hata ambassadeur mmoja alinipigia simu kwanza — bon, secrétaire wake. Leo Shekinah, binti ya dada yangu mukubwa, amezaa mutoto mwanamuke. Dada mwenyewe anaitwa Douceur. Amenituma: jina lake liende kwa mujukuu. Nikamwambia alale, hiyo ni kazi ndogo kwangu.

Ijumaa, 7 Novemba
Maternité, hospitali ya wazazi. Shekinah amevimba uso kama mukate. Nikatoa discours, hotuba kamili. Douceur ni utamu, ni upole! Mu Galerie d'Ixelles kuna salon Chez Douce. Kule Schaerbeek ba Turcs wameandika Douceurs juu ya baklava yao ya asali. Sabuni, chai, kila kitu.

Hénock, bwana yake, kale kembamba kama fito, akasema: "Na papier ya WC, tonton. Pale nayo wameandika douceur."

Nikamwambia muntu wa kuendesha bus hafundishi mujomba wa muke wake majina.

Shekinah hakucheka. Akapandisha mukono wa robe. Kovu la pasi, ncha na yote, kama limechorwa. Alikuwa na miaka saba, alimwaga chumvi, mama yake akachukua pasi. "Ni huyo Douceur unataka niite kila asubuhi, tonton?"

Nikasema mama hupiga, ni mama. Akashusha mukono wa robe, akasema jina liko tayari. Mutoto alitoka na kitovu kimezunguka shingo, donc ni Mujinga, jina ya Kiluba, si matusi, kila Muluba anajua. "Na umwambie mama asikuje kumuona. Si wewe mukubwa wa familia?"

Jumamosi, 8 Novemba
Sijamwambia Douceur. Nimeandika tu: mambo iko en cours, inaendelea. Akanitumia picha: kikuku cha dhahabu cha mutoto, jina Douceur limekwisha kuchongwa. Chini yake, kwa mimi mudogo wake: "Kadogo, usiniaibishe."

Jumapili, 9 Novemba
Yule mujinga Hénock ameweka picha ya mutoto mu WhatsApp, na jina. Douceur ameiona kanisani. Culte ilipoisha, amekuja moja kwa moja. Jirani amemfungulia chini, sasa eko kwa mulango yangu.

"Kadogo yangu, fungula. Nimekuletea pondu."

Sauti tamu kabisa. Harufu ya pondu, ya majani ya muhogo, hakuna.

Mimi niliyefukuza majambazi wanne pale Gare du Nord na mukanda tu! Simu nimeifunika na mito. Anagonga tena, polepole, na pete.

Viatu nimevua. Nasimama mu chaussettes, mu nyumba yangu mwenyewe, asisikie mbao ikilia.