Filamu ya Dereva wa Lori

Mjukuu wangu, hivi filamu ikikosa theluji na kengele ndiyo haiwi ya Krismasi?

Nimekwenda kliniki kupima presha. Chai iko kwenye chupa. Ukianua nguo, shuka la bluu liache, halijakauka.

Asubuhi uliniambia, "Bibi, hiyo ni filamu ya lori. Mti wenyewe wa Krismasi unaonekana sekunde tatu tu." Nikanuna, nikahamia jikoni na kikombe changu. Ni kweli, mti ni mmoja, tena umeegemezwa kwenye pipa la mafuta. Ila uliponiuliza kama mwishoni dereva anafika kwao kwa Krismasi, nilijifanya sikusikia. Ukweli ni kwamba sijui. Kila Krismasi niliitazama na mama yako, tangu akiwa mdogo mpaka akawa nesi, na kila mara alisinzia begani kwangu kabla haijaisha. Nikawa naizima polepole asije akaamka. Kwangu mimi Krismasi ni bega kufa ganzi, basi.

Tangu ahamishiwe ile hospitali ya mbali, mwaka wa tatu huu, huniuliza kama aombe likizo. Nami humjibu, "Usijisumbue mwanangu, kazi kwanza."

Akipiga simu kabla sijarudi, mwambie ~~bibi hajambo, asiwe na wasiwasi~~

Hapo nimekata. Mwambie bibi alikuwa anamdanganya. Nataka aombe likizo, aje nyumbani.

Bibi yako mnunaji