Dakika Tatu za Mama

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Bati la jikoni lilivuja, nimeliziba. Shangazi bado anagombana na paka kama vile ni mke mwenza.

Umeniandikia mara tatu sasa kwamba flashi zimepitwa na wakati: zinapotea, zinajaa virusi, zinakufa bila kuaga. Unasema wosia aliourekodi Mama kabla hajatutoka umeshauweka mtandaoni, kwa hiyo flashi niitupe. Mara ya kwanza nilikubali. Mara ya tatu machale yakanicheza. Tangu lini wewe ukahangaikia vikorokoro vyangu?

Nikaitoa kwenye kopo la vifungo, nikampelekea fundi kompyuta. Akaipuliza vumbi, akaichomeka, ikafunguka.

"Dada, hii haitaki nywila wala bando," akasema. "Na aliye mbali hawezi kuigusa."

Neno hilo la mwisho likanikaa kichwani. Nikamwomba afungue na rekodi ile ya mtandaoni. Yako ina dakika kumi na moja. Yangu ina kumi na nne.

Nimezisikiliza hizo tatu. Mama anasema nyumba hii isiuzwe maadamu Shangazi yu hai. Sasa naijua haraka yako. Lakini Kaka, nadhani hukumsikiliza mpaka mwisho. Anakohoa kidogo, kisha anakutaja wewe kwa jina lako la utotoni, anasema amekusamehe yote.

Na hilo umelikata.

Flashi imerudi kwenye kopo. Ukitaka kusamehewa, njoo usikilizie hapa.

Mdogo wako, mshona nguo